Udhuru wa Upepo: El Paso, Juárez na Hesabu ya Ozoni

Mahali ambapo mto ule Wamarekani wauitao Rio Grande, na Wameksiko Río Bravo, hupenya kati ya milima ya Franklin na safu ya Juárez kabla ya kuushukia uwanda mkavu wa jangwa, pamekaa miji miwili iliyokaribiana mno hata mgeni aitazamaye taa zake usiku kutoka mlimani hawezi, asipoonyeshwa, kupambanua ni wapi ulipokoma mmoja na wapi ulipoanza wa pili. El Paso ya jimbo la Texas iko kaskazini ya mto, na wakazi wake ni karibu laki saba. Ciudad Juárez ya jimbo la Chihuahua iko kusini, na hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliwakuta humo zaidi ya milioni moja na nusu. Na upande wa machweo, katika pembe zinapokutana Texas, Meksiko na New Mexico, umejibanza mji mdogo wa Sunland Park. Bonde lao ni moja na hewa waivutayo ni moja. Bali sheria zilizowekwa kuihesabu hewa hiyo ni mbalimbali, na kila moja hukoma mpakani. Kutokana na hitilafu hiyo limezuka swali ambalo kwa miaka zaidi ya thelathini limewashughulisha wanasheria, wataalamu wa hewa na watawala wa nchi ile, nalo ni hili: mji ukivuka kiwango cha ozoni kilichowekwa na dola yake, kisha ikathibiti kwamba sehemu ya ozoni ile asili yake ni dola nyingine, je, mji huo una hatia?

Hapana budi kwanza kueleza ozoni ni kitu gani, kwa kuwa tabia yake ndiyo iliyolifanya jambo hili kuwa zito. Ozoni iliyoko juu kabisa angani hutukinga na ukali wa miale ya jua, na kwa hiyo watu wengi wamezoea kuisikia ikisifiwa. Ama hii ya chini, tuivutayo kwa pua zetu, ni gesi kali inayowasha koo, inayobana kifua, inayowazidishia wagonjwa wa pumu maradhi yao, na inayodhuru hata majani ya mimea shambani. Wala haitoki katika dohani yoyote, wala katika bomba la gari lolote. Huzaliwa hewani, pale oksidi za nitrojeni zitokazo katika injini na mitambo ya umeme zinapokutana na mvuke wa petroli, wa rangi na wa dawa za viwandani, na jua likavipika vyote pamoja kwa muda wa saa kadhaa. Ni siri ambayo mwanakemia Arie Haagen-Smit, Mholanzi aliyehamia California, aliifumbua mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipokuwa akiuchunguza ukungu uliokuwa ukiwatoa machozi watu wa Los Angeles. Ajabu yake nyingine ni kwamba moshi mbichi wa barabarani huila ozoni iliyo karibu nao, basi aghalabu kipimo huwa cha chini katikati ya mji wenye msongamano wa magari, kisha hupanda alasiri katika vitongoji vya mbali uelekeako upepo, ambavyo pengine havina hata kiwanda kimoja cha kulaumiwa.

Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea kuupanga mwaka wake kwa kaskazi na kusi, hatastaajabu kuambiwa kwamba upepo una fungu lake katika hesabu hii. Ozoni ikishapanda juu ya tabaka la hewa tulivu yaweza kudumu kwa majuma, na imethibiti kwamba wakati wa majira ya machipuko sehemu yake huivuka bahari ya Pasifiki kutoka Asia hadi milima ya magharibi ya Marekani. Lakini pale Paso del Norte, kama liitwavyo bonde hili, safari ni fupi zaidi: usiku hewa iliyopoa huteremka bondeni kuifuata njia ya mto, na mchana, ikishapashwa joto, hupanda kuelekea milimani, ikichukua huku na kurudisha kule mazao ya miji yote miwili, hata ikawa vigumu kwa mjuzi yeyote kuinyoshea kidole chembe moja na kusema hii ni ya Texas na hii ni ya Chihuahua.

Ama kiwango chenyewe, kimekuwa kikishushwa kila baada ya miaka kadhaa kwa kadiri elimu ya tiba ilivyozidi kubainisha madhara. Mwaka 1979 serikali kuu ya Marekani ilikiweka katika sehemu 120 za ozoni kwa kila sehemu bilioni moja za hewa, kwa kipimo cha saa moja. Mwaka 1997 kikageuzwa kuwa cha wastani wa saa nane, sehemu 80. Mwaka 2008 kikawa 75. Na mwaka 2015 kikafika 70. Hesabu hufanywa kwa kuichukua siku ya nne kwa ukubwa katika kila mwaka, kisha kutafuta wastani wa miaka mitatu mfululizo, na mji ukipata 71 umeshindwa. Hapa pana jambo ambalo yafaa litiwe maanani: kila kiwango kinaposhuka, na kila mji unapofaulu kuupunguza moshi wake wenyewe, fungu lile lililoletwa na upepo kutoka mbali, ambalo mji hauna amri juu yake, huzidi kuwa kubwa kwa mnasaba wa kile kilichosalia. Mji uliokuwa ukivuta ozoni mara mbili ya haki yake haukuwa na sababu ya kumtazama jirani. Mji uliokaribia kufaulu kwa nukta moja au mbili huanza kuihesabu kila pumzi ya jirani huyo.

Na kushindwa si jambo jepesi. Mji ukishaandikwa katika orodha ya waliovuka kiwango, kiwanda kipya hakijengwi ila kwanza upatikane upunguzo wa moshi mahali pengine wa kukifidia, na mipango ya barabara zinazojengwa kwa fedha za serikali kuu hupimwa kwanza isije ikazidisha uchafuzi. Isitoshe, mji hupewa muhula wa kujirekebisha kwa kadiri ya daraja la kosa lake, miaka mitatu kwa wale waliokosa kidogo, na muhula ukipita bila kufaulu hupandishwa daraja, na kila daraja lina mizigo mizito kuliko lililotangulia. Ndiyo sababu Bunge la Marekani, lilipoirekebisha Sheria ya Hewa Safi mwaka 1990, lilitia kifungu kifupi chenye nambari 179B, ambacho makusudio yake ni haya: jimbo likiweza kuthibitisha mbele ya idara ya serikali kuu ya kuhifadhi mazingira, ijulikanayo kwa herufi zake EPA, kwamba mji wake ungalifaulu kwa muhula uliowekwa lau kama si uchafuzi utokao nje ya Marekani, basi mji huo hautapandishwa daraja wala mpango wake hautakataliwa.

Mimi nasema bila kusita kwamba asili ya kifungu hiki ni insafu. Si adili kumtoza mtu faini kwa tendo asilolitenda na asilokuwa na nguvu ya kulizuia, na mji ni kama mtu katika hilo. El Paso ilikitumia mapema: mwaka 1994 kwa vumbi na masizi, na mwaka 2004 kwa ozoni ya kile kiwango cha zamani cha saa moja, na mara zote mbili EPA iliukubali udhuru wake. Njia iliyotumiwa kuleta ithibati ilikuwa rahisi kuieleza: wataalamu wa Texas walijenga mfano wa hesabu za hewa ya bonde, wakautia uchafuzi wa upande wa Marekani peke yake kana kwamba ng'ambo ya mto hapana watu, na mfano ukajibu kwamba El Paso, ikiachwa na moshi wake tu, ingalifaulu. Kisheria hoja ilikuwa imekamilika. Walakini mtoto mwenye pumu anayecheza uani hakuwahi kuvuta hewa ya mfano ule. Alivuta hewa ya bonde, pamoja na chote kilichomo, na udhuru uliokubaliwa haukumwondolea hata punje moja.

Hebu tuyatazame kwa utulivu maneno haya, uchafuzi utokao nje. Sheria huupima unje kwa udongo: gesi iliyotoka upande huu wa mstari ni ya kwetu, iliyotoka upande ule ni ya kwao. Lakini nenda kwenye Daraja la Amerika, linalounganisha miji hii miwili, ukayatazame malori yaliyojipanga upande wa Juárez, injini zikinguruma saa baada ya saa katika jua la jangwa. Mengi yamebeba bidhaa za viwanda vya kuunganishia vitu, viitwavyo huko maquiladora, vilivyoenea mpakani tangu mwaka 1965 kwa mpango wa serikali ya Meksiko, ambavyo vingi ni mali ya makampuni ya Marekani, na vinachotengeneza huuzwa katika maduka ya Marekani. Yanawangoja maofisa wa forodha wa Marekani, na foleni zao zilirefuka mno baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, ukaguzi ulipokazwa. Moshi ule umetoka katika ardhi ya Meksiko, hilo halina shaka. Bali mwenye mali, mnunuzi na mkaguzi anayechelewesha wote wako kaskazini ya mto. Katika vitabu vya 179B, hata hivyo, huandikwa kuwa ni wa kigeni.

Kadhalika magari ya watu wa Juárez. Mengi ni makuukuu yaliyokwisha kutumiwa Marekani, yakauzwa ng'ambo yalipochakaa, mengine bila hata kusajiliwa, nayo huendeshwa na mafundi na vibarua ambao ujira wao hauwaruhusu kununua jingine. Gari likiwa El Paso lilikaguliwa moshi wake kila mwaka. Lilipovuka daraja likawa mgeni, na moshi wake unaporudi na upepo huhesabiwa kuwa ni dhuluma ya jirani.

Kituo kimojawapo cha kupimia hewa cha El Paso kimewekwa Chamizal, karibu kabisa na daraja lile, na historia ya ardhi ile inastahili kukumbukwa katika habari hii. Katika karne ya 19 mto uliiacha njia yake ukasogea kusini, ukakiacha kipande cha nchi ya Meksiko kaskazini ya maji. Dola mbili zikagombania kipande hicho kwa karibu miaka mia moja, hata mwaka 1963 zilipotia sahihi mapatano ya kukigawa, na mto wenyewe ukajengewa mfereji wa saruji usije ukahama tena. Mataifa haya mawili, basi, yaliwahi kukaa kitako, yakakiri kwamba maumbile hayakutii ramani yao, na yakakubali kutumia fedha na kuwahamisha maelfu ya watu ili haki ipatikane. Kwa ardhi iliwezekana.

Wala haifai msomaji adhani kwamba moshi wa bonde lile ulikuwa ukienda upande mmoja tu. Tangu mwaka 1887 palikuwapo kando ya mto, upande wa El Paso, kiwanda cha kuyeyushia risasi na shaba, kilichokuja kuwa cha kampuni ya ASARCO, ambacho baadaye kilisimamishiwa dohani ya futi 828, ndefu kuliko jengo lolote la mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilibainika kwamba watoto wa mtaa wa wafanyakazi wake, ulioitwa Smeltertown, walikuwa na risasi nyingi katika damu zao, na mtaa mzima ukahamishwa; watoto wa Juárez nao, waliokaa ng'ambo ya mto ule ule, walipopimwa walikutwa na risasi vilevile. Kiwanda kilizima tanuri zake mwaka 1999, na dohani ikaangushwa kwa baruti tarehe 13 Aprili 2013. Katika miaka yote ile Juárez haikuwa na kifungu cha kuiambia dola ya kaskazini kwamba hewa yake ingalikuwa safi lau kama si El Paso. Udhuru wa 179B ni wa upande mmoja kwa maumbile yake, kwa sababu ni sheria ya nyumbani, na sheria ya nyumbani haimjui jirani ila kama mshukiwa.

Je, sheria ya mataifa haina la kusema? Inalo, na ni la tangu zamani. Katika mji wa Trail, huko British Columbia nchini Kanada, palikuwa na kiwanda cha kuyeyushia zinki na risasi ambacho moshi wake wa salfa uliteremka na bonde la mto Columbia ukaunguza mashamba ya jimbo la Washington. Kesi ikapelekwa mbele ya wasuluhishi, nao katika hukumu zao za mwaka 1938 na 1941 waliamua kwamba hakuna dola yenye haki ya kuitumia ardhi yake, au kuiachia itumiwe, kwa namna ya kuidhuru nchi ya mwenzake kwa moshi, ikiwa dhara ni kubwa na ithibati yake ni bayana. Ni hukumu adhimu, na wanasheria wa mazingira huirejea hadi leo. Ila pale Trail dohani ilijulikana, mwenyewe alijulikana, na majani yaliyoungua yalionekana kwa macho. Ozoni haina dohani. Wazazi wake ni laki za magari, majiko, matanuri na mapipa ya petroli ya pande zote mbili, na pengine oksidi ya nitrojeni ya El Paso imekutana na mvuke wa Juárez juu ya paa la nyumba ya Sunland Park. Kadhi gani atakayeweza kuugawa ubaba wa ozoni ile?

Na Sunland Park ndiyo iliyoonja uchungu wa jambo hili kuliko wengine. Mwaka 2018, EPA ilipopanga orodha ya kile kiwango cha sehemu 70, iliuandika mji huu mdogo kuwa umeshindwa, na ikaiacha El Paso, jirani yake mkubwa, nje ya orodha, ijapokuwa nyumba za mwisho za mmoja zimegusana na za kwanza za mwingine. Wanaharakati wa mazingira wakashtaki. Julai 2020 Mahakama ya Rufaa ya Wilaya ya Columbia ikairudishia EPA shauri lile iliangalie upya. Na tarehe 30 Novemba 2021 EPA ikageuka, ikasema kwamba El Paso inachangia uchafuzi wa Sunland Park, ikaiunganisha miji hiyo miwili kuwa eneo moja. Lakini muhula wa daraja lile la waliokosa kidogo ulikuwa umekwisha kupita Agosti ya mwaka ule ule, maana yake El Paso ilikuwa imeandikwa kosa pamoja na tarehe ya kujirekebisha iliyokwisha kupita. Texas ikarufani, na tarehe 30 Juni 2023 mahakama ile ile ikaifuta amri, kwa hoja kwamba haifai kuirudisha nyuma athari ya hukumu.

Siwezi kuwalaumu majaji. Walichokisema kuhusu muhula ni haki. Bali tazama matokeo. Mji wenye watu kidogo, usio na nguvu juu ya Texas wala juu ya Chihuahua, ndio uliobaki na mzigo, hali miji mikubwa iliyouzunguka imetoka, mmoja kwa kuwa uko dola nyingine, mmoja kwa kuwa barua yake ilichelewa. Jambo hili lanihuzunisha, kwa sababu sheria iliyokusudiwa kuwalinda wanaovuta hewa imetumia miaka mitano kubishana juu ya mistari, na katika miaka hiyo hakuna gramu moja ya moshi iliyopunguzwa kwa sababu ya mabishano yale.

Njia nyingine ipo, na si ndoto, kwa kuwa imekwisha kujaribiwa papo hapo. Agosti 1983 marais Ronald Reagan na Miguel de la Madrid walitia sahihi katika mji wa La Paz mapatano ya kuhifadhi mazingira ya ukanda wa kilomita 100 kila upande wa mpaka. Na mwaka 1996, chini ya mapatano hayo, ikaundwa kamati ya pamoja ya kushauri juu ya hewa ya bonde zima la Paso del Norte, yenye wajumbe wa serikali, vyuo, wafanyabiashara na raia wa pande zote, wanaoketi meza moja na kuliita bonde kwa jina moja. Kamati ile haina askari wala hazina, ila iliona kwamba magari yanayongoja darajani ni chanzo ambacho pande zote mbili zaweza kukipunguza pasipo kugombana, ikaipigia debe njia maalumu ya wasafiri wa kila siku waliokwisha kukaguliwa, nayo ikafunguliwa mwaka 1999 katika daraja la mtaa wa Stanton.

Lakini habari iliyonivutia kuliko zote ni ya watu wa matofali. Pembezoni mwa Juárez, katika mitaa ya maskini, kulikuwa na matanuri yapatayo mia tatu ya kuchomea matofali, kila moja la familia moja, yakichochewa kwa unga wa mbao, mabaki ya viwandani na matairi makuukuu, yakitoa moshi mweusi uliowadhuru kwanza wenyewe wachomaji na watoto wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 jumuiya za hisani, pamoja na wenyeji wenyewe, ziliwahamisha wengi wao kwenye gesi ya propeni. Kisha serikali ya Meksiko ikaondoa ruzuku, bei ikapanda, na mchomaji ambaye tofali lake halimpi faida ya kumudu gesi akarudi kwenye taka, na mimi simlaumu. Hapo akatokea mhandisi Robert Marquez wa chuo kikuu cha jimbo la New Mexico, akabuni tanuri mbili zilizounganishwa kwa mfereji wa chini, moja ikiwaka na moshi wake ukipitishwa katika matofali mabichi ya ile ya pili, ambayo huunasa uchafu na yenyewe yakakaushwa kwa joto lile lile. Nani aliyagharimia baadhi ya matanuri haya? Kampuni ya umeme ya El Paso, ambayo sheria ya Texas iliitaka ipunguze moshi wa mitambo yake, ikapewa idhini ya kutimiza sehemu ya wajibu huo kwa kujenga ng'ambo ya mto, kwa kuwa dola moja iliyotumiwa kule ilipunguza uchafuzi mwingi kuliko dola moja iliyotumiwa nyumbani. Sadaka haikuwamo, ilikuwa hesabu, na ndani yake pumzi ya El Paso na ya Juárez zilikuwa katika safu moja ya daftari.

Matanuri yale yalihusu masizi zaidi kuliko ozoni, na idadi yake ilikuwa ndogo. Siyataji kama kwamba yaliponya bonde. Nayataja kwa sababu yanaonyesha mahali pa kukirekebisha kifungu cha 179B. Kama ilivyo leo, jimbo likishathibitisha kwamba kosa ni la ng'ambo, husamehewa mizigo ya daraja la juu, na fedha ambazo lingezitumia hubaki mfukoni. Maoni yangu ni kwamba msamaha huo ungefungamanishwa na wajibu: anayeleta udhuru wa upepo aweke mbele ya kamati ya bonde sehemu ya kile alichookoa, kitumiwe pale uchafuzi unapopunguzwa kwa gharama ndogo zaidi, iwe ni katika foleni za malori, katika ukaguzi wa magari makuukuu ya Juárez au katika vituo vya petroli vinavyovujisha mvuke. Na pamoja na fedha, pawepo daftari moja la hesabu ya moshi wa bonde zima, lililoandikwa na wataalamu wa pande zote mbili kwa kipimo kimoja, ili mfano wa kompyuta usilazimike tena kudhani kwamba ng'ambo ya mto hapana watu. Kwa hilo sheria ya Marekani peke yake haitoshi: kamati ya Paso del Norte hushauri tu, haina mamlaka ya kupokea wala kutoa fedha, na mamlaka hayo hayawezi kutolewa na serikali za majimbo zilizoko Austin, Santa Fe na jiji la Chihuahua, ila na Washington na Mexico City, kwa kuongeza kiambatisho kipya katika mapatano yale ya La Paz, kama walivyokiongeza kile cha mwaka 1996 kilichoiunda kamati yenyewe.